Uzi Mwekundu wa Jiwe la Chini ya Maji

Mtaani wote wanamwita Kidevu, hata mkewe. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na miwili amekuwa akipiga picha za pasipoti na vitambulisho katika chumba kimoja kando ya posta, na kila anayeketi kwenye stuli yake huambiwa yale yale: "Kidevu juu kidogo." Sakafuni kuna mstari wa rangi aliouchora mwenyewe, naye husimama nyuma yake, hatua mbili kutoka kwenye stuli. Hajawahi kuuvuka. Kumsogelea mtu usoni na kamera, anasema, ni utovu wa adabu.

Mkewe, ambaye mtaani huitwa mama tu, ni fundi wa kushona, na cherehani yake iko chumba hicho hicho, nyuma ya pazia jeupe ambalo wateja hupigwa picha mbele yake. Wapo waliotoka kwenye pasipoti wakiwa wameshtuka kwa sababu cherehani ilianza kunguruma ghafla visogoni mwao. Huo ndio mchango wa mama kwenye biashara ya picha.

Mumewe aliogopa hata maji ya beseni, lakini mama alikuwa mwogeleaji hodari. Ujanani alizoea kuzamia kwenye jiwe moja la matumbawe karibu na ufuko, kubwa kama meza ya kulia, jekundu. Siku moja alitoka majini na nywele zikichuruzika, akaenda moja kwa moja dukani, akachagua uzi wa rangi ile kabla haijamtoka machoni. Uzi huo hajawahi kuushonea kitu. Unakaa kwenye kopo la vifungo, na ukimuuliza atakwambia nguo inayoustahili bado haijaletwa.

Kidevu alimtania miaka yote. Chini ya maji kila kitu ni bluu, alisema, na hilo jiwe jekundu mke wangu aliliota. Mama alikuwa akicheka, anamrushia kifungo, yanaisha. Mpaka mwaka ambao ngoma ya sikio lake ilipasuka, ikafanyiwa upasuaji, na daktari akamkataza kuzamia maisha yake yote. Mama aliitikia tu "sawa", akarudi kwenye cherehani. Wiki moja baadaye, akipinda suruali ya mtu, akasema bila kuinua macho, "Labda kweli niliota."

Maneno hayo yalimchoma Kidevu. Shaka ile aliipanda yeye, akaimwagilia kwa utani miaka nenda miaka rudi, na sasa ilikuwa imemlia mkewe kitu kisichouzwa dukani. Akaapa moyoni kwamba jiwe lile ataliona, na atalileta nyumbani kwenye karatasi na rangi yake.

Binti yao hufundisha watoto kuogelea. Alipomwona baba yake amesimama kwenye foleni ya wenye miaka saba, kitambi mbele, hakucheka. Alimpa boya kama wenzake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Kidevu aliyaoga miezi minne, akayanywa pia si haba. Mwishowe binti akamvisha miwani na mrija wa kupumulia, akamkopesha kamera yake ndogo ya mfukoni isiyoingia maji, ambayo kamba yake ya mkononi ilikuwa imelika, wakaenda baharini.

Picha za kwanza zilikuwa kama zimepigwa kupitia dirisha la bafu. Jiwe lilionekana kivuli cha bluu. Akawasha flashi, vumbi la majini likang'aa, picha ikajaa vidoa vyeupe. Akapiga mateke apate kutulia, mchanga ukatimka. "Baba, mbona unakaa mbali hivyo?" binti aliuliza walipoinua vichwa. Kidevu akamjibu kwamba alianza kupiga picha kabla yeye hajazaliwa.

Safari ya tano ilipotoka bluu kama ya kwanza, Kidevu alikata tamaa, akafanya asilopaswa kufanya. Alikaa kwenye kompyuta ya studio akaongeza wekundu mpaka jiwe likawaka, akaichapa picha, akampelekea mkewe.

Mama aliitazama sana. Kisha akauliza, "Kidevu, hii umeipaka?"

"Nani kasema?"

"Mchanga. Tangu lini mchanga ukaona haya, ukawa mwekundu? Hata samaki wako wana homa."

Njia ya mwongo ni fupi. Kidevu akakiri yote, hadi ile sentensi iliyomchoma. Alitegemea mkewe akasirike. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali, akacheka mpaka akashika meza.

"Unasimama umbali gani na jiwe?" akauliza alipopata pumzi.

"Hatua mbili. Kama kawaida."

"Mimi nikilinganisha uzi na kitambaa, nakaa mlangoni? Si nauweka juu yake, tena nje, kwenye jua? Hayo maji yote yaliyo katikati ndiyo yanakula rangi. Na asubuhi hapa, kabla ya mteja wa kwanza, kamera unaionyesha nini?"

"Pazia. Ijue nyeupe ni ipi."

"Na kule chini nani anaionyesha?"

Miaka thelathini na miwili Kidevu alifanya hivyo kila asubuhi, na majini hakukumbuka hata mara moja. Mama akabandua kifuniko cheupe cha kopo la vifungo, akampa.

Waliondoka jua likiwa juu, bahari imelala. Safari hii Kidevu hakuwasha flashi wala hakulivuta jiwe karibu kwa kitufe cha kamera. Binti alizama akashika kifuniko ubavuni mwa jiwe. Kidevu akazama nyuma yake, akaionyesha kamera ile nyeupe, akapanda kuvuta pumzi. Akangoja mchanga utulie. Halafu akashuka tena, jua likiwa mgongoni, akasogea, akasogea, akavuka mstari wake, mpaka jiwe likawa shubiri mbili tu kutoka usoni. Ndipo alipoliona kwa macho yake mwenyewe, kabla hata ya kubonyeza. Lilikuwa jekundu.

Studioni aliichapa picha ile bila kuigusa rangi. Mama alikuwa akishona. Akazima cherehani, akafuta mikono kwenye gauni. Alifungua kopo, akatoa uzi wake, akavuta kipande na kukilaza juu ya picha, pale kwenye jiwe. Kidevu akainama kuutafuta uzi. Hakuuona ulipoanzia wala ulipoishia.

"Hukuota," alisema. "Nisamehe, mama. Na asante. Nisingekufa vizuri bila kuliona lile jiwe, na wewe ndiye uliyenifikisha."

"Lete kamera," alisema mama.

Alimpa. Mama akatunga sindano kwa ule uzi ambao haukuwahi kushonea kitu, akaishika kamba ya kamera pale ilipolika, akaanza kuishona.