Ngozi ya Mbuzi Siku ya Miti

Ukifundisha hapa Ishiara miaka mingi kama mimi, unaanza kujiona kamusi. Mwalimu Halima alipohamia shuleni kwetu kutoka Lamu, aliniuliza watu wa huku husherehekea vipi tarehe kumi Oktoba. Nikakohoa kidogo, nikamfundisha.

"Zamani siku hiyo ilikuwa na jina la rais. Baadaye ikaitwa Huduma, halafu Utamaduni. Wewe vaa nguo za kwenu, mimi nitavaa zetu za Kimbeere."

Siku yenyewe nikajifunga ngozi ya mbuzi kiunoni. Kwa vile ilikuwa inawasha, ndani nikavaa kaptula ya mke wangu ya kulalia. Nikaingia uwanjani kwa madaha, njuga zikilia miguuni.

Wanafunzi wote walikuwa wameshika majembe na miche. Halima alikuwa katikati yao, amevaa gambuti.

Chifu akachukua kipaza sauti. "Mwalimu, hii siku ilibadilishwa, siku hizi ni ya Mazingira. Tunapanda miti. Ama wewe umekuja kula miche?"

Nikajikaza, nikachukua mche, nikainama kuupanda. Ngozi ikakatika, ikaanguka pu!

Halima akauliza kwa upole, "Mwalimu, na hiyo ya maua ya waridi pia ni ya Kimbeere?"