Mashindano ya Dira kwenye Njia ya Pangi

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa kaporali katika kambi ya askari ya Kindu. Afisa wetu, liyetena Mbelgiji, alipenda sana mashindano ya dira. Kila kikosi kilikuwa na watu wanne, ramani moja na dira moja. Mnaachwa porini, mnatafuta vitambaa vyekundu vilivyofungwa mitini, kila mkipata kimoja mnatia alama kwenye kadi, kisha mnakimbilia mwisho. Sharti kubwa: mfike wote wanne pamoja. Akikosekana mmoja, hamjafika.

Dira niliishika mimi. Nilikuwa mtoto wa mjini. Msitu niliujua kwenye karatasi tu, lakini karatasi niliisoma vizuri. Wenzangu wawili walitoka mbali, mmoja Kasai, mmoja Ekwateri. Wa nne alikuwa mtu wa Pangi, mrefu, mnyamavu.

Siku hiyo tulivushwa mto hadi Alunguli, lori likatupeleka mbele kwenye njia ya Pangi na kutuacha. Mambo yalituendea vizuri. Vikosi vingine tulivisikia vikiitana bondeni, nyuma yetu. Kitambaa cha mwisho kilikuwa nyuma ya kijiji kidogo, nasi tukakiingia kijiji hicho mbio, viatu vya jeshi vikipiga kishindo.

Hapakuwa na mtu. Mpunga uliachwa kinuni, na chungu cha sombe, majani ya muhogo, kilikuwa bado kinachemka. Alibaki bibi kizee mmoja tu mlangoni pake, miguu imemvimba. Alipotuona aliinua mikono yote miwili.

Mimi nilimpita, nikakiona kitambaa, nikatia alama. Nilipogeuka, mwenzetu wa Pangi alikuwa amechuchumaa mbele ya yule bibi, kofia mkononi, akisema naye kwa lugha ya kwao.

"Twende," nikamwambia. "Sisi njo wa kwanza."

"Watu wamekimbilia pori, kaporali. Anauliza tumekuja kumufunga nani. Kodi wamelipa, pamba wamelima."

"Mwambie ni mchezo."

"Nimemwambia. Anauliza, njo muchezo gani huo wa kukimbiza watu?"

Nikamwambia tena twende.

"Binti yake amekimbia na mutoto mchanga, na mvua inakuja," akasema. "Mimi siendi mpaka warudi. Ninyi muende."

Alijua hatuwezi kwenda bila yeye. Hasira ilinipanda. Nilimtazama yule wa Kasai aniunge mkono, lakini alikuwa amekwisha kukaa chini, anafungua kamba za viatu.

Basi mtu wa Pangi akaenda ukingoni mwa msitu, akaanza kuita. Aliita kwa upole, kama mtu anayemwita ndugu yake aje kula. Vikosi vilipotokea, wenzangu wawili walisimama njiani kuviomba vipite taratibu. Wengine walikubali, wengine walicheka wakaongeza mbio. Mimi, kwa kukosa kazi, niliepua kile chungu kisiungue. Bibi alinitazama muda mrefu, kisha akanionyesha kigoda nikae.

Mvua ilikuwa imeanza alipotoka mwanamume mmoja, jembe mkononi. Wakafuata wengine. Binti akaja mwisho, kitoto kifuani chini ya majani ya mgomba. Hakutusalimu. Aliingia ndani akafunga mlango, nami nikaona kwamba hakutukosea.

Njiani tulikubaliana la kusema. Kama tungeeleza ukweli, afisa angeuliza kijiji kipi, na kwa nini watu wake wanawakimbia askari, kisha angetuma mtu kuchunguza.

Tulifika wa mwisho, tumelowa.

"Ninyi njo wa mwisho?" afisa akauliza. "Mulikuwa wapi?"

"Tulipotea, liyetena," nikajibu.

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. Tuliadhibiwa kukaa darasani na askari wapya, tufundishwe upya jinsi ya kuitafuta kaskazini. Mtu wa Pangi alikaa kando yangu, akasikiliza kwa makini kila somo.