Jembe, Nyumba na Kipara

Jumamosi, katika saluni ya mtaa wa Greyville, huku ugenini, kinyozi Mkongo alikuwa akimnyoa kijana Mtanzania aliyetakiwa kufika kwa wakwe, mtaa wa Sydenham, kupeleka posa mchana uleule. Redio ikataja uchaguzi, kijana akaanza kutusimulia sisi tuliosubiri zamu historia ya jimbo la kwao.

"Enzi za chama kimoja, kila mgombea alipewa alama. Kwanza likashinda jembe. Uchaguzi wa pili, nyumba. Wa tatu, jembe likarudi!"

"Kaka, tuliza kichwa," kinyozi akamwambia. "Kwetu ilikuwaka mugombea moja tu, na hakuangukaka."

"Basi jembe liliporudi, wazee wetu walicheza hivi!" Kijana akarusha mabega, na mashine ikachora barabara kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini.

"Eish!" kinyozi akaguta.

"Wakwe watasema nini?" kijana akalia mbele ya kioo.

"Wagombea ni wawili," akasema dada aliyekuwa akisukwa pembeni, "kofia na kipara. Nyoosheni mikono!"

Kipara kikashinda kwa kura zote isipokuwa ya mwenye kichwa. Mimi nilinyoosha mikono yote miwili, na hakuna aliyepinga matokeo.

Jumatatu kijana akapita anaimba: mama mkwe kamsifu kwa unadhifu, posa imepokewa. Nionyesheni mbunge aliyewahi kutimiza kazi yake upesi namna hiyo.