Mtumbwi Niliousugua kwa Sabuni

Nimeishi katika miji mingi, na katika kila mji nimeonja pombe ya ndizi na kulalamika kwamba haifanani na ya kwetu. Wenyeji wakiniuliza ya kwetu ina nini, nabadilisha mazungumzo. Siwezi kuwaambia kwamba niliwahi kuiua.

Ilikuwa Ngara, miaka ya wakimbizi. Nilikuwa kidato cha pili na nilikuwa nimesoma habari za seli kwa wiki nzima. Mwalimu wa baiolojia alichora duara ubaoni, akaligawa mara mbili, nne, nane, kumi na sita, mpaka ubao ukajaa. Bakteria, alisema, hawahitaji ubao. Wakipata chakula na joto wanaendelea tu. Nilirudi nyumbani Mbuba na hofu ya mtu anayejua jambo ambalo wazazi wake hawalijui.

Baba naye alikuwa na hesabu kama hiyo. Kila jioni alitazama moshi wa kambi nyuma ya kilima, akasema, "Juzi walikuwa wawili, jana wanne. Kuni zitabaki?" Asubuhi alimpokea mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi aliyekuja kutupalilia migomba kwa malipo ya ndizi, maana alipalilia vizuri kuliko sisi wote.

Wakati huo kaka yangu alikuwa anachumbia. Jumapili tulitakiwa kupeleka pombe kwa wakwe, Murusagamba, na kwa desturi yetu ya Kihangaza pombe ndiyo inayoongea kwanza. Mzee wa nyumba huivuta kwa mrija. Akiuweka mrija chini bila kusema neno, wageni huaga. Mzee huyu alikuwa ameshawarudisha wachumba wawili. Kaka alikuwa hali chakula.

Nikaamua kusaidia. Nyuma ya jiko kulikuwa na mtumbwi wa pombe, gogo refu alilolichimba babu, jeusi kwa ndani, lenye utando ambao haukuwahi kusuguliwa. Mama aliusuuza kwa maji baridi tu. Mimi nilipoutazama utando ule niliuona ubao wa mwalimu. Alhamisi, watu wakiwa shambani, nilichukua maji ya moto na mche wa sabuni ya msaada tuliobadilishana kwa ndizi, nikausugua mtumbwi mpaka mti ukapauka, nikauanika juani. Kesho yake, katika pilikapilika za kukamua ndizi na kuchanganya unga wa mtama uliokaangwa, hakuna aliyeona usafi wangu. Niliumia kidogo.

Jumamosi asubuhi mama aliinama, akatega sikio juu ya majani yaliyofunika mtumbwi. Pombe inayoumuka husikika, kama mvua ya mbali. Alisikiliza upande mmoja, akahamia wa pili.

"Kimya," alisema. "Nani kaugusa mtumbwi?"

"Nimeua vijidudu, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

"Basi na kaka yako umemuua."

Mama mkimbizi alikuwa amefika na jembe lake. Naye alitega sikio, akanusa, akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe mwanafunzi, umeuogesha? Si ungeupaka na mafuta, ukaubeba mgongoni!" Kisha akaliacha jembe, akarudi kambini. Kabla ya saa sita alikuwa amerudi na kibuyu kidogo cha mashapo ya pombe yake.

Baba alisimama mlangoni. "Hiyo si ya kambini?"

"Ni ya kambini," mama alisema. "Au utaenda Murusagamba na juisi?"

Baba akakumbuka kwamba kuna mbuzi anapaswa kumtazama.

Mashapo yakamiminwa. Alasiri mtumbwi ulianza kunong'ona. Jioni ulikuwa unaongea. Ndipo nilipofungua daftari kwenye ukurasa niliouruka kwa sababu haukutisha: hamira. Seli yake haijikati katikati. Hutoa kichipukizi ubavuni, kichipukizi kinakua, kinajitenga, nacho kinatoa chake. Nilikuwa nimezaliwa katikati ya migomba inayofanya hivyo hivyo, na jambo hilo ilinibidi nilisome kwa Kiingereza.

Jumapili mzee wa Murusagamba alivuta mrija, akafumba macho, akavuta tena. Kaka alikuwa ameshika magoti yake kama mtu anayezuia yasiondoke.

"Hii," mzee alisema, "ndiyo pombe ya Kihangaza. Siyo ile ya kambini."

Sote tulimtazama baba.

"Asante sana, mzee wangu," baba alisema. "Ni ya tangu babu."

Kaka alipata mke. Kambi zilifungwa baadaye, na mama yule alirudi kwao wakati mimi niko mbali, nikihama mji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo sikumuaga. Mtumbwi sasa ni wa shemeji yangu, aliyekuja nyumbani kwa pombe ile. Utando umerudi, mweusi kuliko zamani. Baba, ambaye siku hizi hasikii vizuri, bado anawaeleza wageni kwamba humo ndani hakijawahi kuingia kitu cha wageni.

Mara ya mwisho nilipofika, shemeji alikuwa anakamua ndizi. Nikakunja mikono ya shati nimsaidie.

"Shemeji, umeoga?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimeoga."

"Kwa sabuni?"

"Ndiyo."

"Basi kaa huko huko kivulini. Utaletewa."