Fuwele Inayoogopa Maji

Kwa bibi yangu, kijijini Sindeni, hakuna anayeanza safari bila kupuliziwa maji. Bibi huchukua funda, husoma dua kimoyomoyo, halafu anakupulizia usoni, puuu! Utotoni tulikuwa tunakimbia huku tunacheka. Mara hii nilikuwa naondoka kesho yake, natamani nipuliziwe, na bibi amegoma.

“Mwenzio nikiulizwa unafanya kazi gani huko, nasema nini?” akaniuliza. “Natoa macho tu.”

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamjibu kwa mkato kwamba napima fuwele. Akageuka, akaendelea kuchambua kunde. Moyo uliniuma, maana bibi ni mzee, na kuondoka bila dua yake sikuweza.

Nikatoa begini kipande cha fuwele nilichoruhusiwa kusafiri nacho, kirefu kama kidole, nilichokisugua mwenyewe wiki nzima. Nikavaa glavu.

“Haya, unazalisha?” bibi akauliza.

Nikacheka, nikamfunika blanketi, nami nikaingia humo humo. Nikawasha kitochi cha kukagulia noti bandia nilichonunua Korogwe, nikaimulika fuwele. Ikawaka kijani kibichi.

“Yallah!” bibi akasema, akanishika mkono.

Nikamweleza mle gizani. Hii ni aina ya chumvi, bibi. Inayeyushwa tanurini, ikipoa taratibu inakuwa angavu. Tunaisugua, tunaizungushia utepe mweupe ili mwanga usitoroke. Kuna vitu vidogo mno vinashuka kutoka juu, hata sasa vinatupita mwilini. Kimoja kikipita ndani yake, inatoa mwanga hafifu zaidi kuliko huu. Tukiupima mwanga huo, tunajua kimepita na kilikuwa na nguvu kiasi gani.

“Na kisipopita?”

“Tunangoja, bibi.”

“Hamjui kitakuja saa ngapi?”

“Hatujui.”

Akaisogelea fuwele.

“Kumbe kazi yako ni kama yangu,” akasema. “Mimi nakungoja wewe.”

Akalitupa blanketi pembeni, akavuta kata ya maji, akachukua funda. Fuwele bado ilikuwa wazi kiganjani mwangu, na chumvi ile maji ni adui yake. Kuificha ningeweza, lakini ningelazimika kumpa bibi mgongo, na anayempa mgongo ameikataa dua. Nikatulia. Maji yakanipiga usoni, yakachuruzika hadi mkononi, na uso wa fuwele ukaingia ukungu pale pale. Nililia, jamani, nililia kama mtoto, na bibi akanifuta kwa upindo wa kanga yake.

Niliporudi kazini tukaipima. Mwanga wake ulikuwa umepungua. Mwenzangu akachukua kitambaa ili aisugue upya, nikamshika mkono.

“Hiyo iache,” nikamwambia.