Pini Isiyoonekana Kwenye Picha

Binti yangu aliteleza kwenye ngazi za ghorofa tulikopanga, Bukoto, akaangukia mkono wa kulia. Mifupa yote miwili ya kigasha ikavunjika. Madaktari wageni, waliokuja kutibu kwa muda kwenye kliniki moja mjini, walisema hawatamtia chuma. Wangemtia pini zinazoyeyuka zenyewe mwilini, asipasuliwe tena kuzitoa. Nilishangilia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kaka yangu, kwetu Kisumu, alitolewa chuma cha mguuni, na kilio chake kilinifukuza wodini.

Nilimweleza binti yangu kwamba mkononi mwake mna kitu kinachoisha kidogo kidogo, kama peremende mdomoni. Alikipenda. Alikuwa akitega sikio kwenye plasta ngumu aliyofungwa, eti asikie kinavyoyeyuka.

Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umenyooka, ila kiganja kilitazama chini na hakikukubali kugeuka juu. Tukaambiwa ni ugumu tu, tufanye mazoezi. Tulifanya mpaka mtoto akawa akiniona tu anajificha. Wageni nao walikuwa wamesharudi kwao.

Daktari mwingine, Mganda wa hapa hapa, aliinua picha ya mkono dirishani.

"Pini iko wapi, mama? Mimi naona mfupa tu."

Nikamwapia kwamba zimo. Nikamweleza ni za namna gani. Akatikisa kichwa: basi hizo hazionekani kwenye picha, ziwepo zisiwepo, na wala si shida yetu. Shida ni mfupa mpya ulioota katikati ukaishikanisha ile miwili, ndiyo maana kiganja hakigeuki.

"Naweza kukata," akasema, "lakini hii kitu inarudi. Saa ingine inarudi mbaya kushinda hii."

Nilimchukia yule mtu, na hakuwa amenikosea lolote. Nilitoka bila kuaga. Binti yangu nilimwambia tu kwamba daktari amesema tungoje.

Sokoni ninakouza mitumba, meza ya jirani ni ya mama mmoja Mkongomani anayeuza karanga za kukaanga. Hampi kitu mtoto anayekinga mkono mmoja. Lazima uunganishe viganja vyote viwili, upokee kwa adabu, kama walivyolelewa kwao na kama tulivyolelewa kwetu.

"Kuya, mama," akamwita binti yangu jioni moja, konzi ya karanga mkononi. "Leta mikono yote mbili."

Mtoto akakinga wa kushoto. Wa kulia akausogeza karibu, mgongo wa kiganja juu, akapinda bega zima kujaribu kuugeuza. Karanga zikamwagika chini. Alicheka, akainama kuziokota.

"Ngoja tu, mama," akamwambia. "Pini yangu bado inayeyuka. Ikiisha nitapokea vizuri."

Jirani akanitazama mimi. Nikachukua sweta lililokwisha kukunjwa, nikalikunjua, nikaanza kulikunja upya.