Nioneshe Ulichotupa

Rafiki yangu amefariki kwa kifafa. Nimeliandika neno hilo mwanzoni kabisa, msomaji wangu, kwa sababu msibani nilivutwa pembeni nikaombwa nisilitamke. Mjomba wa marehemu alinishika mkono, akasema kwa upole, “Mwandishi, wewe utazungumza kwa niaba ya marafiki. Sawa. Ila lile neno liache. Dada yake mdogo bado hajaolewa.” Na kweli, wasifu uliposomwa pale nyumbani kwao Mwankoko, tuliambiwa kwamba kijana wetu aliugua ghafla. Nilikaa kwenye kiti changu nimefura. Mtu aliyeishi na kifafa tangu utotoni, akafanya kazi ya kifafa mpaka mwisho, anazikwa kwa neno “ghafla”.

Alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika hospitali moja ya mkoani kwetu Singida, kwenye chumba cha kipimo cha umeme wa ubongo. Kwa asiyekijua, mgonjwa hubandikwa vitambuzi kichwani, na mawimbi ya ubongo yakajichora kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Shida ni kwamba ubongo unaongea kwa sauti ndogo na vitu vingine vyote vinapiga kelele. Ukipepesa jicho, mistari inaruka. Ukitoka jasho, inayumba. Nyaya za umeme ukutani nazo zinaingiza lao. Tena kina mama wa kwetu mtu akienda hospitali anajiheshimu, anapaka nywele mafuta ya alizeti mpaka zinang’aa, na kitambuzi hakishiki. Marehemu aliweka beseni na sabuni pale mlangoni, na utani wake haukukauka. “Shikamoo mama. Umependeza sana, ila kwa mafuta haya tungekaanga maandazi ya wodi nzima.” Kelele ambazo sabuni haikuziweza ziliondolewa na programu aliyoiandaa mwenyewe, na alijivunia kazi hiyo. Dawa zake alizimeza hadharani, mgahawani, kwa chai. Mhudumu akimkodolea macho, anamwambia, “Za kifafa hizi, dada. Haziambukizi chapati. Ilete.”

Basi akaja mwanamke mmoja kijana kutoka Mgori, ameolewa, ana mtoto ndiyo kwanza anaanza kutembea. Shida yake haikuwa ya kuanguka na kutoka povu. Alikuwa anaganda katikati ya maongezi, macho wazi, anatafuna kitu ambacho hakipo mdomoni, halafu anazinduka hajui kilichopita. Alipimwa, majibu yakatoka safi. Nyumbani, mama mkwe akayapokea kwa namna yake: kama hospitali imesema kichwa ni kizima, basi hayo mengine ni mambo ya kwao, ametoka nayo kwa wazazi wake, na arudi nayo. Arudi yeye. Mtoto abaki. Mume aliufuata uamuzi wa mama yake. Yule dada hakwenda kwa wazazi wake. Alikuja hospitali na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi, akasema haondoki mpaka apimwe upya, na anayetaka kumtoa ambebe.

Akiwa palepale kwenye benchi, akaganda. Marehemu alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, akamwona anatafuna hewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena zaidi ya mara moja. Programu yake aliifundisha kwamba misuli ya taya ni kelele. Ikikuta mtu anatafuna, inakata kipande chote na kutupa. Aliikimbilia rekodi ya awali, ile ambayo haijaguswa, na ilikuwepo. Kwenye kile kipande kilichotupwa, kabla taya haijaanza, mawimbi ya upande mmoja wa kichwa yalikuwa yameanza kupanda kwa mpangilio, yote kwa pamoja. Ugonjwa ulikuwa pale. Daktari aliangalia, akakubali, akaandika dawa. Lakini marehemu hakuridhika na dawa tu. Alipanda pikipiki mpaka Mgori, akamwamkia yule mama mkwe, akasema mbele ya ukoo, “Mama, mke wa mwanao anaumwa kichwani, sio mambo ya kwao. Majibu yalitoka safi kwa sababu ugonjwa wake niliufuta mimi.” Mama akamuuliza kama anajua anachokisema. Akatoa dawa zake mfukoni, akamwonesha. “Najua, mama. Na mimi ninao.” Mtoto alibaki na mama yake.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kusumbua. Kila aliyefanya kazi naye alilijua swali lake: nioneshe ulichotupa. Hakuacha kusafisha rekodi, maana bila kusafisha hazisomeki, ila hakukubali kitu kikatwe kabla jicho la mtu halijakipitia. Wakubwa walimlalamikia kwamba anachelewesha kazi, kwamba picha zake hazina mvuto wa kuonesha wageni. Aliwajibu kwamba kwao walikuwa wanakamua alizeti, na hata mashudu hawakuyatupa. Nilikuwa namwona mbishi. Sasa naona kwamba ubishi wake tunauhitaji sisi wote, maana tumekuwa watu wa kupenda mambo safi kupita kiasi. Taarifa ya kijiji inasafishwa njaa kabla mgeni hajafika. Shule inamficha mtoto mwenye ulemavu siku ya picha. Familia ina binti anayeanguka, anafungiwa chumba cha nyuma ili posa zisikimbie. Tunaita heshima. Mimi siiti hivyo, na anayeniomba niite hivyo atanisamehe.

Narudi msibani. Zamu yangu ilikuwa haijafika, mara kule nyuma akasimama mwanamke na mtoto wa kike aliyevaa sare ya shule. Mwongoza ratiba akamwambia ratiba imebana. Akajibu kwamba ametoka Mgori na ratiba itamsubiri. “Mimi nina kifafa,” alisema. “Na yeye alikuwa nacho. Alikuja kwetu akakisema mbele ya wakwe zangu, ndiyo maana huyu mtoto ananiita mama. Leo mnamzika mnamfichia nini?” Mjomba aliangalia chini. Na hapo, kwenye mkeka wa wafiwa, akasimama yule dada mdogo wa marehemu, yule ambaye sisi wote tulikuwa tunanyamaza kwa ajili yake. Kanga ilikuwa imemdondoka begani na hakuiokota. Akasema, “Kaka yangu amekufa kwa kifafa. Anayetaka kunioa aje akijua.”

Nilipoitwa nilisema tu lile neno nililokatazwa, kwa sauti, nikakaa. Kwa hiyo ndugu msomaji, safisha nyumba yako, safisha rekodi zako, na ukiandika wasifu wa mtu wako usafishe makosa ya herufi. Lakini kabla hujakata kipande cha maisha ya mtu ukakiita uchafu, kiangalie kwanza. Huenda mtu mwenyewe yumo humo.